Saba Kwenye Kidirisha Chekundu

Ukitaka kumkasirisha Bonareri wa Rodi Kopany, ungemwambia tu kwamba kamera yako imekufa. Neno hilo hakulipenda hata kidogo. Kwake kamera ilichoka, ikaziba, ikaingia kuvu, ikaanguka vibaya, lakini kufa, hapana. Angekupokonya mkononi, aiweke sikioni, abonyeze, asikilize springi inavyolia ndani, kisha akwambie urudi Alhamisi. Na Alhamisi ungeikuta inafanya kazi, pengine vizuri kuliko siku uliyoinunua.

Alikuwa Mkisii, mzaliwa wa upande wa Nyamira, aliyeletwa Migori na shangazi yake mwaka 1974 amsaidie kuuza ndizi sokoni. Kazi ya ndizi ilimshinda mapema. Mkabala na kibanda cha shangazi palikuwa na studio ya picha, na huko ndiko macho yake yalikoshinda kutwa nzima. Mwenye studio alimpa kwanza ufagio, halafu beseni za kuoshea picha, halafu, baada ya miaka mitatu ya kusumbuliwa kwa maswali, akampa bisibisi ndogo za saa na kamera moja iliyojaa mchanga, aone atafanya nini. Bonareri aliifungua mezani, akapanga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio uleule aliozitoa, akaisafisha kwa spiriti na unyoya wa kuku, akaifunga. Haikubaki skrubu hata moja. Yeyote aliyewahi kufungua redio nyumbani kwake na kubaki na skrubu nne mkononi ataelewa kwa nini mwenye studio aliikagua ile karatasi mara mbili.

Mwaka 1991 alifungua duka lake mwenyewe Rodi Kopany, kando ya barabara iendayo Homa Bay. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na kigoda cha wateja, na nyuma palikuwa na meza ambayo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Jumamosi alifunga, maana alikuwa Msabato wa kweli, na hata mwalimu aliyehitaji picha ya kitambulisho kwa haraka alijua kwamba Jumamosi mlango ule haufunguki. Wajaluo wa pale walimwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, naye aliwajibu kwa Kijaluo chenye ulimi wa Kikisii kilichowachekesha sokoni kote. Alicheka nao. Lakini wapiga picha kutoka Migori, kutoka Homa Bay mjini, hata kutoka kisiwani Mfangano ambako unyevu wa ziwa huotesha kuvu ndani ya lenzi, wote walimletea yeye kamera zao, na pale mezani hakuna aliyecheka.

Kitu kimoja tu katika kazi hii kilimuuma, nacho ni kusubiri. Picha za rangi hazikuoshwa Rodi. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na hakuna aliyeweza kuituma Kisii mpaka iishe. Basi ukipigwa wewe wa kwanza, unangoja wenzako thelathini na watano wapate hamu ya kupigwa picha, halafu unangoja Kisii, halafu unangoja irudi. Wiki mbili zikipita salama unashukuru. Na miaka ile watu wa kando ya ziwa walizikana sana, wiki kwa wiki, vijana kuliko wazee. Palikuwa na muuza omena, wale dagaa wa ziwa, aliyeitwa Sheila, msichana mchangamfu aliyevaa gauni la kijani siku ya kupigwa picha na kutaka miguu yake ionekane kwa sababu viatu vilikuwa vipya. Alikuja mara tatu kuulizia picha yake. Mara ya nne aliyekuja alikuwa mama yake, na aliihitaji kwa ajili ya kuiweka juu ya jeneza.

Bonareri hakulia mbele ya yule mama. Alilia nyuma ya pazia, akiwa amejiegemeza kwenye meza yake. Chini ya meza hiyo alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na kufikia mwaka 1998 mkebe ulikuwa haufungiki tena. Tangu siku ya Sheila alikuwa na shauku moja tu maishani, na aliisema waziwazi kwa yeyote aliyeuliza: alitaka mtu asimame mbele ya kamera yake, na kabla hajaondoka pale aliposimama, aione picha yake kwa macho yake mwenyewe. Watu walimwambia hilo haliwezekani. Aliwaambia waende zao wamwache afanye kazi.

Mwaka huohuo wa 1998 ndipo alipofika Jeff, kijana wa Nairobi aliyekuwa akifanya utafiti wa samaki na kuwatembelea wachuuzi wa Mfangano. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kamera ya dijitali, ya kwanza Bonareri kuwahi kuiona. Ilikuwa imemponyoka aliposhuka kwenye boti, ikapiga jiwe la ufukweni, ganda lake la plastiki likapasuka vipande vitatu na kitufe chake kikaruka majini. Jeff alisema imekufa. Bonareri alimtazama kwa namna ambayo kijana alijikuta anaomba radhi bila kujua kosa lake. Jeff alimweleza kwamba haitumii filamu, kwamba picha inakaa kwenye kadi nyembamba, na kwamba nyuma kuna kioo kidogo ambapo picha huonekana palepale. Aliposikia hilo la mwisho, Bonareri alikaa chini. Jeff alikuwa ameletewa nyingine kazini, kwa hiyo hii akamwachia afanye atakavyo, na akamwahidi kwamba akifanikiwa, picha zake zitachapwa kwenye kompyuta ya ofisi yao Homa Bay.

Kuiamsha hakukumchukua hata wiki. Ndani ilikuwa nzima, ganda ndilo lililovunjika. Aliifunga kwa utepe mweusi wa umeme na kuipeleka sokoni kwa furaha, na hapo akagundua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Watu walimkataa. Mzee mmoja muuza ng'ombe aliyekuwa amevaa koti lake la sherehe alikitazama kile kitu kidogo kilichofungwa utepe, akasema hawezi kupigwa picha na kisahani cha sabuni. Mwingine aliuliza kama ni redio. Ndiyo hali ilivyokuwa, na tusiwacheke sana, kwa sababu kupigwa picha kulikuwa jambo la heshima. Mtu alioga, akapaka mafuta, akaazima tai, na alitaka kamera iliyo mbele yake nayo iwe imevaa.

Basi Bonareri akaamua kuivisha. Studio ya Migori alikojifunzia kazi ilikuwa imefungwa, na katika gunia la makorokoro aliyoyanunua huko palikuwa na kamera ya zamani ya kukunjua, ya miaka ya hamsini, ya ngozi nyeusi na kingo za nikeli, ile ambayo ukiibonyeza upande mlango wa mbele unashuka na lenzi inatoka kwenye mvukuto wake polepole kama chifu anayetoka nyumbani. Kuvu ilikuwa imeila lenzi yote. Hiyo ndiyo aliyoichagua iwe ganda.

Kazi ile ilimchukua miezi saba, na kama ungemwona ungesahau ulikokuwa unaenda. Aliondoa vioo vya lenzi ya zamani akabakiza pete yake, na nyuma ya pete akapachika kilenzi cha ile ya dijitali, kimetulia sawasawa katikati. Matumbo yote ya umeme aliyapanga ndani ya mvukuto na kuyashikiza kwa vipande vya mpira wa ndala. Pale ambapo rola mbili za filamu zilikuwa zikikaa, kushoto na kulia, alikwangua chuma kwa tupa ya kucha mpaka kila upande ukapokea betri mbili ndogo. Kitufe kilichopotelea ziwani alikibadilisha kwa kipande cha spoki ya baiskeli, ukibonyeza kitufe cha juu cha ganda, spoki inasukuma mahali pa kile kilichopotea na picha inapigwa. Na kile kioo cha kuonyesha picha, kidogo kama kiberiti, alikikalisha mahali palepale ambapo filamu ilikuwa ikilala, nyuma ya mlango wa mgongoni. Aliondoa pia vibamba vya shata, vile vya kufungua na kufunga njia ya mwanga, vilivyokuwa havina kazi tena, lakini springi yake aliiacha, ili kamera iseme. Kamera isiyosema kacha, alisema, nani ataiamini?

Jeff alipoiona Homa Bay aliigeuza mara kumi mkononi. Alisema Nairobi watu wanakimbilia vitu vidogo vya plastiki, na hapa Nyar Kisii amechukua kitu cha kesho akakivisha nguo za babu, na cha ajabu ni kwamba kimependeza. Aliomba kuinunua. Bonareri alidhani anatania.

Lakini kulikuwa na shida moja, na ili uielewe lazima ujue ujanja uliokuwa umeenea sehemu zile. Wapo wapiga picha waliokuwa wakija kwenye harusi na mazishi na kamera tupu. Walipiga kacha kacha mchana kutwa, flashi ikiwaka, wakachukua malipo ya mwanzo, na ndani hamna filamu. Baadaye walitoa hadithi za filamu iliyoungua. Watu wakajifunza. Kamera hizi za kukunjua zina kidirisha chekundu mgongoni, kidogo kama shilingi, ambacho kupitia kwacho unaona namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya filamu, moja, mbili, tatu, kila picha na namba yake. Kwa hiyo hata bibi asiyejua kusoma barua alijua kuchungulia kidirisha kile kabla ya kusimama. Namba ikiwepo, filamu ipo.

Bonareri naye akafanya jambo ambalo baadaye lilimtia aibu. Alikata kipande cha karatasi ya filamu ya zamani chenye namba saba, akakibandika kwa gundi nyuma ya kidirisha. Mtu akichungulia, anaona saba, anatulia. Alijiambia ni kwa muda tu. Alijiambia kwamba wakishazoea atawaeleza yote, atafungua mlango wa mgongoni mbele yao na kuwaonyesha picha yao kwenye kioo. Lakini kila mteja aliposimama mbele yake, aliuacha mlango umefungwa. Alijua kwamba kila mtu katika nchi ile anafahamu kuwa ukifungua mgongo wa kamera picha zinaungua, na alijua wakifungua watakuta hamna filamu. Jina lake lingeishia pale. Basi akawa anapiga picha, anazipeleka Homa Bay, anazileta kesho yake, na watu wanashangaa wepesi wake. Jeff alimwambia, "Madam, hiyo kitu unaficha ndiyo kitu yenyewe." Bonareri alijibu kwamba atawaambia wiki ijayo. Miezi mitatu ilipita hivyo, na yule mwanamke aliyekuwa hataki kusikia kwamba kamera imekufa alikuwa anaogopa mlango wa kamera yake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti 1999 alikuja mtu kutoka Kosele aitwaye Walter, mkulima wa mahindi, mtu mzima mwenye sauti nzito. Mama yake alikuwa ametembelewa na dada yake wa kuzaliwa, Milka, aliyeolewa upande wa Tanzania na ambaye hakuwa ameonana naye kwa miaka kumi na tisa. Wote wawili walikuwa wamepita sabini. Milka alikuwa anaondoka Jumatatu alfajiri. Walter alitaka wapigwe picha Jumapili, na aliuliza kama kwa bahati yoyote Milka anaweza kuiona kabla hajavuka mpaka. Ofisi ya Homa Bay haikufunguliwa Jumapili. Bonareri alilijua hilo, akajua pia kwamba hapa hakuna kesho ya kukimbilia. Kwa umri wao, na kwa umbali ule, kama Milka hakuiona picha siku hiyohiyo basi ingeingia kwenye mkebe pamoja na nyingine. Alimwambia Walter kwamba wataiona.

Jumapili asubuhi alifika Kosele akiwa ameikumbatia kamera kifuani. Kwa wasiwasi wake alikuwa ameiwasha kabla hajatoka nyumbani, ili ajaribu kioo, na hakukumbuka kuizima. Boma lilikuwa limejaa, majirani wamekuja kumwona mgeni wa Tanzania. Mama Walter, ambaye kila mtu pale alimwita Min Walter kwa heshima ya mwanawe, alikuwa bibi mrefu mkavu mwenye macho makali, na jina lake la ubatizo lilikuwa Edith. Hakutaka picha. Mwaka 1987, mume wake alipozikwa, mpiga picha mmoja alifanya kazi mchana kutwa na kamera tupu, na hadi leo hakuwa na sura ya mumewe popote. Aliapa hatasimama tena mbele ya kitu hicho. Ni Milka aliyembembeleza, akamwambia kwamba huko kwake wajukuu zake wanamuuliza dada yake anafananaje na yeye hana cha kuwaonyesha.

Basi Edith alikubali, kwa sharti lake. Aliomba kwanza aone kidirisha. Aliona saba. Akakaa kwenye kiti karibu na dada yake, mikono magotini, uso umekazwa kama yuko mahakamani. Bonareri akabonyeza, kamera ikasema kacha. Edith akanyanyuka, akaja kuchungulia tena, kisha akarudi kukaa. Bonareri akabonyeza mara ya pili. Edith akanyanyuka tena.

"Nyar Kisii," alisema, taratibu kabisa. "Nilikuta saba. Ukapiga, ikawa saba. Umepiga ingine, bado saba. Hii picha yetu inaenda wapi?"

Kati ya watu wote waliochungulia kidirisha kile kwa miezi mitatu, hakuna aliyekuwa amerudi kuchungulia mara ya pili. Walihitaji kuona namba tu, wakatosheka. Lakini huyu alikuwa ameibiwa, na mtu aliyeibiwa huhesabu. Bonareri alifungua mdomo aeleze, na kabla maneno hayajafika Walter alikuwa ameshaichukua kamera na kidole chake kiko kwenye kishikizo cha mlango wa nyuma.

"Usifungue!"

Lilimtoka Bonareri lenyewe. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa amewapigia kelele hiyo wateja, watoto, makarani, kila mtu aliyegusa mgongo wa kamera yenye filamu, na mdomo wake ulikuwa umezoea kupiga kelele kabla kichwa hakijafikiri. Hakukuwa na filamu ya kuungua. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja akiwa amekusudia kuufungua mlango huo. Lakini lililotoka ndilo lililotoka, na kila aliyelisikia aliona kuna kitu anaficha. Walter akafungua.

Ndani palikuwa na waya, betri nne, vipande vya ndala, na kioo kidogo cheusi. Filamu hapakuwa. Wanawake wakaanza kunong'ona kwa Kijaluo, na Bonareri, ambaye Kijaluo alikijua vyema kuliko walivyodhani, alisikia kila kitu. Walter alisema ataitwa chifu. Bonareri aliichukua kamera na kubonyeza mahali pa kuwasha kioo, na kioo hakikuwaka. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba tangu asubuhi ilikuwa inanguruma bure kifuani mwake. Zile picha mbili zilikuwa zimemaliza betri, mawe kama walivyoziita pale.

Angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema filamu hii ni ya aina mpya ambayo haionekani, na pengine wangekubali, maana hakuna aliyejua. Angeweza kulia. Alijiona mjinga, mjinga mkubwa, kwamba miezi saba ya kazi nzuri kuliko zote za maisha yake aliifunika kwa kipande cha karatasi cha gundi. Alimtazama Edith, si Walter.

"Hiyo saba ni uongo wangu, mama," alisema. "Nilibandika mimi na mkono yangu, ndio watu waniamini. Filamu hakuna, hii haitumiangi filamu. Lakini picha yenu iko ndani. Nipeeni mawe nne ya redio mtaiona saa hii. Kama haiko, chifu aitwe, mimi siendi mahali."

Hakuna aliyejongea. Kijana mmoja alisema huo ni ujanja mwingine, sasa anataka na mawe. Milka alikuwa anamtazama dada yake tu. Edith akageuka, akaingia nyumbani kwake, na akatoka na redio yake ndogo, ile aliyokuwa hakosi kuisikiliza kila saa saba mchana wakati wa matangazo ya vifo, kwa sababu kwa umri wake huko ndiko alikopata habari za rafiki zake. Aliifungua mgongo mwenyewe, akatoa betri nne, moja moja.

"Yule wa matanga ya mzee alikuwa ananiambia kila wiki filamu iko Nairobi," alimwambia mwanawe. "Mwaka mzima. Hajawahi sema uongo ni yake." Akazitia betri kiganjani mwa Bonareri.

Bonareri alizipachika. Betri za redio hazina nguvu kwa kamera kama ile, alijua zingempa dakika chache tu, kwa hiyo hakungoja kuwapanga watu vizuri. Alibonyeza, kioo kikawa cha buluu, kikafifia, kisha rangi zikaja. Alipiga magoti kati ya viti viwili na kukishikilia kioo mbele ya wale bibi, mlango wa nyuma ukining'inia wazi mchana kweupe, na picha haikuungua.

Walikuwa pale, wawili, wadogo kama kucha, wamekaa kwenye viti vilevile walivyokuwa wamekalia. Edith alikisogelea kile kioo pua kwa pua. Alimtafuta mume wake katika kila kitu alichokiona tangu mwaka 1987, na Bonareri aliona wazi kwamba hata hapa alimtafuta. Kisha Milka akaweka kidole chake juu ya uso wa Edith kwenye kioo.

"Huyu ni mama," alisema.

Mama yao hakuwahi kupigwa picha. Alifariki kabla kamera haijafika kijijini kwao, na wote wawili walikuwa wameshasahau sura yake, ingawa hakuna aliyewahi kukiri kwa mwenzake. Edith alitazama, akasema hapana, mama ni huyu, akaonyesha uso wa Milka. Milka akasema mdomo ule ni wa mama. Edith akasema mdomo haujalishi, angalia paji la uso. Wakaanza kubishana, kwa sauti kubwa, vibibi viwili vya miaka sabini na zaidi, ni nani kati yao aliyekuwa mama, na machozi yalikuwa yanawatiririka wote wawili huku wanabishana, na Bonareri alikuwa amepiga magoti kati yao akilia waziwazi bila pazia lolote. Kisha kioo kikazima.

Edith hakushtuka. Alipangusa uso kwa kona ya leso, akakaa wima.

"Toa hiyo saba," alisema. "Halafu piga ingine. Na usifunge mlango, nataka kuona ikiingia."

Bonareri alikwangua ile karatasi kwa ukucha mpaka kidirisha kikabaki chekundu kitupu. Alichukua bisibisi yake ndogo, akafungua bawaba, akautoa mlango wa nyuma kabisa, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuuweka, Edith aliupokea na kuushika magotini. Betri ndizo zilizokosekana. Walter, yule wa chifu, aliingia nyumbani kwake bila kuambiwa na kurudi na nyingine nne. Jirani mmoja akamtuma mtoto wake alete za tochi, zikawa kubwa mno, akarudishwa akalete za redio. Kijana aliyesema ni ujanja alitoka mbio na kurudi na sita, na kabla hajazitoa mkononi aliuliza kama akiongeza mbili atapigwa picha pamoja na mke wake na aone hapohapo. Bonareri alimwambia apange foleni.

Jua lilipanda. Watu walikwenda majumbani, wakarudi wamebadilisha mashati, viganja vimejaa betri. Mmoja mmoja walisimama, kamera ikasema kacha, wakakimbia kuzunguka nyuma yake kujitazama, na wengine walicheka, na mwanamke mmoja aliyekuwa mgonjwa, amekonda, amefunikwa shuka, aliitazama picha yake kwa muda mrefu kisha akasema kumbe bado ni mzuri. Bonareri alimpa muda wake wote, hadi kioo kikafifia. Saa saba ikafika, saa ya matangazo ya vifo, na katika boma lile na maboma ya jirani hapakuwa na redio hata moja iliyolia. Mawe yote yalikuwa kwenye kamera, na foleni ilikuwa bado ndefu.